Namna ya kuitafuta albamu ya kwanza ambayo watu wameiruka

Kibanda changu cha ufundi redio kiko Mwanjelwa, ubavuni mwa mama anayekaanga chipsi, kwa hiyo spika nyingi za jiji hili la Mbeya hurudi kwa wenyewe zimepona lakini zinanuka mafuta. Humo ndani nimesikiliza WITCH, bendi ya roki ya Zambia, kwa miaka mingi nikijiona mjuzi. Mteja akiuliza, "Fundi, hawa ni akina nani?" namshushia somo zima huku redio yake ikingoja. Kumbe nilichokuwa nakijua ni albamu moja tu, Lazy Bones!! ya 1975, ambayo karibu kila anayezungumzia roki ya Zambia huanza nayo na wengi huishia hapohapo. Albamu yao ya kwanza kabisa, Introduction, niliiruka kama watu wanavyoiruka hotuba ya mgeni rasmi.

Nitakueleza nilivyoirudia, ili na wewe ukitaka kuirudia ya msanii wako usipoteze muda nilioupoteza mimi.

Kwanza uwajue wenyewe. WITCH ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kwamba wamekusudia kuleta vurugu. Mwimbaji ni Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, jina lililotoka kwa Mick Jagger wa Rolling Stones likapita kwenye ulimi wa Kiafrika likapata irabu zake. Gitaa la solo alipiga Chris Mbewe waliyemwita Kims, rithimu John Muma, dramu Boidi Sinkala, na besi Gedeon Mwamulenga. Jina Mwamulenga ukilitaja Tukuyu hakuna atakayekuuliza limetoka nchi gani. Zambia ilikuwa imepata uhuru 1964, shaba inalipa, na vijana wa miji ya migodi walikuwa na magitaa, vipaza sauti na kumbi za kupigia. Rais Kaunda akaagiza redio zipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95. Mambo yakanoga. Katikati ya miaka ya 70 bei ya shaba ikaanguka, na muziki ule ukaanza kukosa pumzi.

Sasa kazi.

Andika miaka kabla hujabonyeza chochote

Chukua karatasi, andika albamu za msanii wako kwa mpangilio wa miaka, na mimi nasema karatasi kwa sababu kwenye simu zinapangwa kwa umaarufu na utadanganyika. Yangu ilisomeka hivi: Introduction, mwanzoni mwa miaka ya 70. In the Past, 1974. Lazy Bones!!, 1975. Lukombo Vibes, 1976. Including Janet, 1977. Kwa hiyo ile niliyoiita mwanzo ilikuwa ya tatu. Nilikuwa nimeingia kwenye hadithi bibi ameshafika kwa fisi.

Halafu, pembeni ya kila mwaka, andika jambo lililokuwa linatokea pale unapoishi wewe. Mimi niliandika reli. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kuanzia 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na ikakabidhiwa rasmi 1976. Inapita Makambako, inapita Mbeya, inavuka mpaka Tunduma, inakwenda Kasama, Mpika na kuendelea. Wakati vijana wale wanarekodi albamu yao ya kwanza, huku kwetu watu walikuwa wanatandika mataruma.

Usidhani nakupigia hadithi. Mstari huo wa reli ndio ulionionyesha pa kwenda kutafuta. Muziki wa Zambia haukufika Mbeya kwa duka la muziki. Uliletwa na watu waliokuwa wanakwenda na kurudi, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa treni.

Sikiliza kwenye simu, lakini si kwa spika ya simu

Kabla hujaanza kusumbua wazee, hakikisha unakijua unachokitafuta. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizitoa upya kazi za bendi hii, na 2012 ikazikusanya albamu hizo tano kwenye boksi moja, kwa hiyo mtandaoni zinapatikana. Nunua bando la usiku, pakua, weka spika za masikioni hata zile za bei ya chini za pale stendi. Kwenye spika ya simu Mwamulenga hayupo kabisa, besi yake yote inabaki nje, na wewe utalaumu albamu.

Mara ya kwanza sikuipenda. Niseme ukweli. Sauti ilikuwa nyembamba, gitaa linakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, na Jagari anaimba kana kwamba yuko chumba cha pili. Baada ya wimbo wa pili nikaizima, nikarudi kwa Lazy Bones!! nikaona raha. Hapa ndipo watu wengi wanapoachia njiani, na kosa ni kwamba masikio yameshazoea kazi ya tatu halafu yanaidai ya kwanza ifanane nayo. Dawa yake ni mfungo. Acha kabisa kuisikiliza ile maarufu kwa wiki mbili. Mimi nilifika siku ya tisa.

Namna ya kuomba santuri kwa mzee

Unaweza kuridhika na simu, hakuna ubaya. Lakini kama unataka kushika sahani yenyewe, hazina ya nchi hii haiko madukani. Iko juu ya dari za wastaafu.

Mzee niliyemwendea anaishi Iyunga, si mbali na stesheni, na alifanya kazi ya treni miaka mingi. Usiende mikono mitupu, na usiende na pesa mkononi pia. Ukitangulia na pesa, mzee atajua kuna kitu cha thamani na wewe unataka kukipata kwa bei ya mahindi. Nilibeba kilo mbili za sukari na bisibisi zangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Leo redio haijaharibika, umefuata nini?"

"Nimekuja kuisalimia tu."

Akacheka, maana alijua si kweli. Nikafungua redio yake, nikafuta vumbi, nikabadilisha swichi ya sauti iliyokuwa inakoroma. Tukanywa chai. Tukaongea reli, mabehewa, baridi ya Makambako usiku. Nilipoona amefika Kapiri Mposhi mwenyewe kwa mazungumzo yake, ndipo nikauliza kule walikuwa wanasikiliza muziki gani.

"Santuri zipo," akasema. "Juu ya dari. Siku hizi wanaozisikiliza ni panya."

Boksi lilikuwa na santuri 41. Nilizihesabu nikiwa nimekaa chini sebuleni, mama mwenye nyumba akiniangalia kama mtu aliyekuja kuhamia. Nyingi zilikuwa ndogo za Nairobi, nyingine za Kongo, na kwaya. Jalada la WITCH halikuwepo. Nikajifariji kwamba angalau nimekunywa chai.

Hapa lipo somo ambalo ningependa ulishike: usisome jalada, toa sahani. Majumbani jalada zuri huwa kwenye kabati au ukutani, na sahani huwekwa popote pasipo na vumbi. Nilitoa zote 41 moja moja. Ndani ya jalada la kwaya kulikuwa na sahani ambayo karatasi yake ya katikati ilikuwa imekula unyevu, maandishi yamebaki kivuli. Katika hali hiyo washa tochi ya simu, ilaze pembeni karibu kugusa sahani, uangalie ule ukanda laini kati ya mwisho wa wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati. Kuna namba na herufi zimechongwa pale na mashine au kwa mkono. Hizo hazifutiki kwa unyevu. Zinakili kama zilivyo, hata ile herufi unayodhani ni mkwaruzo tu, kisha zilinganishe mtandaoni kwenye Discogs, ambako wakusanyaji huandika namba za matoleo wanayoyashika. Halafu thibitisha kwa sikio: piga sahani upande wako, piga wimbo uleule kwenye simu, sikiliza kama vinakwenda pamoja. Wimbo wa kwanza wa albamu hii una jina lilelile la albamu, kwa hiyo sikuhitaji kwenda mbali. Zilipofika sekunde kumi na kitu nilijua nimepata.

Sikumwomba aniuzie. Alinipa wiki moja.

"Wiki moja, fundi. Nahesabu."

Kuosha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu.

Miaka ya nyuma niliosha santuri moja ya mteja nikaianika juani juu ya bati. Ilikuwa Julai, mimi nimevaa sweta mbili, nikajiambia jua la leo halina nguvu. Jua la Mbeya la Julai linadanganya: mwili unasikia baridi, plastiki inasikia moto. Nilirudi nikakuta bakuli. Mteja nilimlipa, na bakuli lenyewe ninalo bado, naweka skrubu.

Basi fanya hivi. Tafuta kifuniko cha plastiki, cha kopo la siagi au la rangi, kinachofunika karatasi ya katikati yote. Kibane kwa mkono wakati wa kuosha ili maji yasiingie pale, maana gundi yake ni ya zamani na ikilowa itaondoka na jina la bendi. Maji yawe vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto, si ya chai. Tone moja la sabuni ya maji ya vyombo latosha. Sabuni ya unga usiiguse, ina chembe.

Kitambaa kiwe laini kisichoacha nyuzi. Mimi natumia fulana ya pamba iliyochakaa. Futa kwa kuzunguka, kufuata mitaro ya sauti, usikatishe hata mara moja. Mtaro ni mwembamba kuliko unywele, na uchafu ulioko ndani ukisukumwa kwa kukatisha unakwaruza kuta zake, na kuta hizo ndizo sauti yenyewe. Suuza kwa maji safi mara mbili. Mara ya mwisho tumia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu maji ya bomba yakikauka huacha utando mweupe, na sindano inausoma utando huo kama muziki wa kukaanga.

Maji hayo yanauzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Tafadhali soma chupa. Kuna watu wanaita maji ya betri hata ile asidi yenyewe, na muuzaji akikusikia vibaya utamwaga asidi juu ya santuri ya mtu, na vidole vyako vikiwemo. Sema unataka maji ya kuongezea, siyo ya kuanzia.

Kausha kwa kuisimamisha kwenye kichanja cha vyombo, ndani ya nyumba, kivulini. Ile ya mzee niliiacha usiku kucha. Na kama boksi lina zile santuri za zamani zaidi, nzito, zinazovunjika kama sahani ya udongo, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, hizo usizipake spiriti kabisa. Zimetengenezwa kwa utomvu, na spiriti inauyeyusha.

Kasi na uzito

Gramafoni yangu niliinunua Iringa, kwa mwalimu mstaafu wa kule Gangilonga, ikiwa haizunguki. Ugonjwa wake ulikuwa mkanda wa mpira uliolegea, na huo ndio ugonjwa wa gramafoni nyingi zilizokaa miaka. Usikate mpira wa baiskeli kuweka mbadala, unene wake haulingani na wimbo utapanda na kushuka kama mlevi wa Kabwe. Mkanda wa deki ya zamani wenye mzunguko unaokaribia hufaa.

Ukishaweka, pima kasi. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, maana yake dakika 3 ni mizunguko 100 kamili. Bandika kipande cha karatasi ukingoni, washa saa ya simu, hesabu. Nilipata 104, nikarekebisha, nikapata 101, nikasema inatosha. Hili si jambo dogo kwa albamu usiyoijua. Ikienda mbio utadhani mwimbaji ana sauti ya kitoto na bendi ina papara, utamhukumu mtu kwa kosa la mkanda.

Uzito wa sindano nao. Ikiwa nyepesi mno inaruka, ikiwa nzito inachimba. Sindano nyingi za sumaku zinataka gramu 2 hivi, zile za zamani za kauri zinataka zaidi ya hapo. Unapimaje gramu 2? Mbeya hatuna shida hiyo. Nilikwenda kwa jamaa yangu anayenunua dhahabu kutoka Chunya, akaniazima mizani yake nusu saa, akasimama pale akiangalia naweka sindano ya gramafoni mahali anapoweka dhahabu. "Na hii inalipa?" akauliza. Nikamwambia bado.

Kusikiliza

Sikiliza upande mzima bila kuinua sindano. Upande wa santuri ulipangwa na watu, una kuanza kwake na kupumzika kwake. Simu inakunyima hilo. Mara ya pili chagua chombo kimoja tu ukifuate tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilimfuata Mwamulenga, na ndipo nilipogundua kwamba kile nilichokiita sauti nyembamba kilikuwa juu tu. Chini besi inatembea, haijali gitaa linalalamika nini.

Mara ya tatu sikiliza na mtu aliyeicheza wakati ule.

Mzee alikuja kibandani Jumamosi, siku moja kabla ya wiki kuisha, nadhani alikuja kukagua mali yake. Nikamvutia kiti, mama wa chipsi akamletea sahani ya chipsi. Nikaweka sindano. Wimbo wa kwanza alikula. Wa pili aliacha kula, mguu wa kulia ukaanza, taratibu, kisigino hakiondoki chini. Kisha akaninyoshea kidole.

"Mbona umeweka sauti ndogo hivyo?"

Nikaongeza.

"Ongeza. Huu haukupigwa kwa sauti hiyo."

Nikaongeza mpaka wapiga debe wakageuka. Na pale, kwa sauti ile, Jagari aliyekuwa chumba cha pili akarudi mahali pake. Mzee alinieleza kwamba ukumbini ilikuwa hivyohivyo: unafika mlangoni unapokewa na dramu, gitaa linafuata, na mwimbaji unamsikia nyuma yao anapiga kelele ili apenye. Watu walikuja kucheza, hawakuja kusikiliza maneno. Mimi nilikuwa naisikiliza albamu ya ukumbi kwa sauti ya chumba cha kulala, halafu naidai ieleweke.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Lazy Bones!! ni kazi bora zaidi, sitadanganya kwa sababu tu nimehangaika. Kule wameshaijua studio, ngoma zina nafasi, gitaa la Kims linalia kwa mpangilio. Lakini Introduction siyo rasimu ya kazi hiyo. Ni kitu kingine, ni bendi ya dansi iliyokamatwa ikiwa bado inatoka jasho. Kazini siku hizi ndiyo ninayoipiga zaidi.

Na inafaa kuisikiliza ukijua kilichofuata. Jagari alikuja kuwa mwalimu wa muziki, kisha akachimba vito. Wenzake wa kikosi kile cha awali wote walifariki, amebaki yeye. Baadaye ulimwengu ulimkumbuka, akaanza kupanda majukwaa ya Ulaya na Marekani, na 2023 jina la WITCH likarudi na albamu mpya, Zango.

Njia hii inakubali kwa wengine. Mzambia mwingine, Rikki Ililonga, kabla ya albamu yake ya peke yake, alikuwa na bendi ya Musi-O-Tunya, anzia huko. Ukitaka wa mbali, Mwingereza David Bowie alitoa albamu ya kwanza 1967, miaka miwili kabla ya wimbo uliomtambulisha. Amanaz, bendi nyingine ya Zambia, watakusumbua kidogo, maana walitoa moja tu, Africa ya 1975, kwa hiyo hakuna cha kuruka.

Kabla ya kurudisha niliirekodi. Waya kutoka gramafoni kwenda kompyuta, programu ya Audacity, upande mmoja faili moja, nikaacha mikwaruzo yote kama ilivyo. Nikaweka kwenye flashi, kwa sababu redio ya mzee niliyoitengeneza ina tundu lake. Nikanunua bahasha nyeupe ngumu, nikaandika juu jina la bendi na la albamu kwa kalamu nene, nikaitia santuri humo, nikaenda nayo Iyunga Jumapili mchana.

Mzee aliipokea, akaisoma bahasha, akanishukuru. "Ndaga fijo, fundi." Kisha akaitoa sahani kwenye bahasha yangu, akairudisha kwenye jalada la kwaya.

"Mzee, nimeandika jina ili isipotee."

"Hapa imekaa miaka yote hii haijapotea," akasema. "Nikiihamisha nitaipatia wapi?"